Mshahara Wako Usilipie Kahawa Yangu

Mwanangu Sekela,

Mmekwenda na mama yako Msasani, hii ya hapa kwetu, kumuaga shangazi, na kwa mvua hii najua hamtarudi kabla ya jioni. Nimekaa kwenye meza yako kwa sababu yangu inatikisika. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Chunya kuanza ualimu. Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango, za kutoazima watu sufuria, mama yako amezisema wiki nzima na sitazirudia. Mimi naandika kwa sababu ya maneno uliyosema juzi tukiwa tunakula, maneno ambayo yamenikera mpaka leo.

Ulisema, "Baba, nimepiga hesabu. Nikiwa nakula mara moja kwa siku, na nikipewa chumba pale shuleni, mshahara wote nautuma nyumbani. Kwa mwaka mmoja na nusu tutakuwa tumemaliza."

Mimi nikasema, "Tutaongea," halafu nikatoka kwenda kumkatia majani ng'ombe ambaye alikuwa ameshashiba. Ukadhani nimeguswa. Nilikuwa nimekasirika, Sekela. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe ya miaka kumi iliyopita yakitoka kinywani mwako, tena kwa sauti ileile ya mtu anayejiona anafanya jambo kubwa.

Deni letu unalijua juujuu tu, maana lilipoanza ulikuwa darasa la tano. Ngoja nikueleze lilivyokuja, kwa sababu nimegundua kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikilisimulia kwa namna inayonipendeza mimi.

Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Watu walileta kahawa, nikapima, nikaandika, wakaenda zao kusubiri malipo. Walisubiri sana, wakati mwingine msimu mzima, lakini mizani yangu hawakuwahi kuitilia shaka. Kisha ikaja ruksa. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku na magari yao na noti mkononi, ghala la ushirika likafungwa, na mimi nikapewa barua ya kwenda nyumbani. Barua tu.

Mnunuzi mmoja kutoka Mbeya alinitafuta. Kijana mchangamfu, alivaa shati la mikono mifupi hata katika baridi ya Julai. Alisema anataka wakala ambaye watu wanamwamini. Msimu wa kwanza alilipa taslimu. Msimu wa pili alilipa nusu, na nusu nyingine ikafika baada ya wiki. Msimu wa tatu akasema nichukue kahawa kwa mali kauli, atalipa yote lori likirudi.

Mama yako aliniuliza, "Safari hii mbona hela haitangulii?"

Nilimjibu kwamba mambo ya biashara yeye hayajui. Ukisikia mtu analaumu soko huria, na mimi nimelilaumu sana, kumbuka kwamba ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtu aliyeuliza swali la maana na mimi nikamnyamazisha.

Nilipima kahawa ya kaya ishirini na tatu. Lori lilipakia mchana kweupe, na wenyewe wakasaidia kubeba magunia. Halikurudi. Nilikwenda Mbeya mara tatu. Mahali alipokuwa na ofisi nilimkuta mama mmoja anauza ndoo za plastiki. Polisi waliniambia nilete mkataba, na mkataba sikuwa nao. Karatasi zote za kupokelea kahawa zilikuwa na sahihi moja tu, yangu. Kwa hiyo majirani waliposema kwamba mimi ndiye niliyechukua kahawa yao, walikuwa wanasema kweli.

Kanisani nikaondolewa kwenye kuhesabu sadaka. Hakuna aliyeniambia sababu, nilikuta tu mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu. Wiki hiyohiyo wewe ukarudi kutoka shule ukauliza, "Baba, kwani sisi tumeiba kahawa?" Hapo ndipo nilipoapa kulipa kilo kwa kilo. Watu wameniambia ulikuwa wema. Ilikuwa hasira. Nilitaka niwafunge midomo.

Na hasira hiyo niliwalisha ninyi.

Nilipiga marufuku sukari. Betri za redio nikazitoa. Mkungu mzuri wa ndizi ukikomaa, naupeleka Kiwira kuwauzia wenye malori, na sisi tunakula vile vidogo vilivyodumaa. Watu wa Rungwe, Sekela, tulikuwa tunakula ndizi ambazo mgeni ungeona aibu kumwekea mezani. Mama yako alikuwa amebakiza mchango kidogo wa sare ya kwaya, nikasema kwaya inaimbwa na koo, haiimbwi na sare. Nilikuwa nahesabu njiti za kiberiti. Mdogo wako Bupe akilia kwamba uji ni mchungu, namwambia watoto wa wenye madeni hawalii. Alikuwa na miaka minne.

Nilijiona shujaa. Kila nilipomlipa mtu nilirudi nyumbani nikitegemea mnipongeze, nikawakuta mmenuna, nikakasirika zaidi. Sikuelewa kwamba kwenu ninyi siku ya kumlipa mtu na siku ya kutomlipa zilikuwa na ladha moja, uji mchungu asubuhi na ndizi mbovu jioni. Ningepata wapi nguvu za kuendelea, na ninyi mngezipata wapi?

Ilipofika mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata nilikuwa nimelipa kaya sita. Malipo ya majani ya chai yalikuwa yamecheleweshwa, yakatoka ya miezi miwili kwa pamoja. Nikatia fedha mfukoni kumpelekea mtu wa saba, anayekaa mbele ya Kiwira. Pale Kiwira nilisimama kungoja gari. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kulikuwa na mtu anachoma nyama.

Nilisema nitakula kipande kimoja.

Nilikaa pale mpaka saa kumi. Nilikula mpaka nikafungua mkanda. Nikawaagizia bia vijana wa mgodini waliokuwa wametoka zamu, watu nisiowajua hata majina. Waliniita bosi. Sekela, nilipenda kuitwa bosi kuliko hata ile nyama. Mwaka mzima nilikuwa nimeitwa mwizi.

Niliporudi mama yako alinusa, akauliza zimebaki ngapi. Nikaziweka mezani. Hazikutosha hata chupa ya mafuta ya taa. Nilimngoja apige kelele. Alisema tu, "Umekula peke yako," akaenda kufunga kuku.

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne tulikuwa tunachuma chai, yeye mstari wake na mimi wangu, akaanza bila kuniangalia.

"Baba Sekela, unajua kwa nini ulikula vile?"

"Shetani."

"Usimsingizie. Ulikuwa na njaa ya mwaka mzima. Na sisi tunayo hiyohiyo, ila sisi hatuna mfuko wa kwenda nao Kiwira."

Akasema kuanzia sasa, kila tukimlipa mtu, kwanza tunatoa kidogo. Kidogo kabisa, lakini kinatoka kabla fedha haijatoka nyumbani. "Hiyo itakuwa ya kwetu. Tunaila wote siku hiyohiyo, haiwekwi."

Nikamwambia ile ni fedha ya watu, hatuwezi kuichezea.

"Jana ya kuchezea uliitoa wapi?" Hakusema jana, alisema juma lililopita, lakini nilisikia kama jana. Kisha akasema, "Safari yenyewe ni ya miaka. Tukianguka njiani hakuna atakayelipwa."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na aibu, si kwa sababu nilielewa. Kuelewa kulikuja na ile soda. Unaikumbuka? Tulimlipa mtu wa saba kwa kuchelewa mwezi, na tukanunua soda moja ya machungwa, vikombe vinne. Wewe ndiye uliyepima, kijiko kwa kijiko, na ulitaka kuhakikisha hata povu limegawanywa. Bupe aliiweka mdomoni akakataa kuimeza. Mama yako akamuuliza, "Tamu?" akawa anaitikia kwa kichwa tu mashavu yamevimba. Nilicheka mpaka nikakohoa. Na wewe ukauliza, "Baba, tunamlipa nani tena?"

Swali hilo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza katika nyumba ile kwa mwaka mzima. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na deni, ninyi mlikuwa mnaadhibiwa tu. Siku ile tukawa tunalipa wote.

Mama yako aligundua kwamba mambo mengi ya kufurahisha yalikuwa bei ya chini sana, ila mimi nilikuwa nimeyafunga pamoja na yale ya ghali. Jumamosi ya mpira nilirudishiwa betri, zile kuukuu, tunazipasha moto pembeni mwa jiko zikapata nguvu za kipindi cha kwanza, na cha pili tunakwenda kusimama dirishani kwa jirani. Kuna mara tulikwenda Daraja la Mungu, lile jiwe lililovuka mto, na mahindi ya kuchoma na maparachichi, tukakaa kuangalia maji mpaka Bupe akalala. Kwake yeye mwenyewe mama yako aliomba kitu kimoja tu: kipande cha sabuni ya kunukia na maji ya moto ndoo nzima, na mtu yeyote asimwite mpaka atoke. Nililinda mlango wa bafu la nje kama askari. Maji yalikuwa yetu na kuni zilikuwa zetu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemnyima kitu kisicho na bei.

Na Mzee Shomari. Yeye, ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa anauza mitumba pale Bagamoyo, mtaa huu wa hapa kwetu, na saa ya kufunga alikuwa anashusha bei ya rundo la mwisho. Mama yako alisema kila mmoja achague kitu kimoja, na kisiwe cha lazima. Mimi nilitaka nichague soksi, akanikatalia kwamba soksi ni lazima. Wewe ukachimbua ukatoka na mkanda mwekundu wa plastiki, wa mwanamke mtu mzima, ulikuzunguka mara mbili.

Mzee Shomari akakwambia, "Binti, mkanda huu hauna gauni."

Ukamjibu, "Gauni litakuja, babu."

Alikataa hela yako. Uliuvaa juu ya sare ya shule mpaka mwalimu akauchukua.

Sitaki udhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Yalikuwa yanakera vilevile. Bei ya kahawa ilianguka, nikang'oa nusu ya mikahawa nikaongeza migomba. Kuna mwaka hatukumlipa mtu hata mmoja. Na yule mnunuzi nilimwona, sijawahi kuwaambia. Nilikuwa stendi ya Mbeya nauza ndizi, akapita, amenenepa. Akanitambua, akasimama kabisa, akasema, "Shikamoo mzee. Nyumbani wazima?" Nikaitikia marahaba. Nikasema wazima. Akaenda zake. Maneno yote niliyokuwa nimeyatunza kwa miaka sita yalinijia akiwa ameshapotea kwenye watu. Hiyo marahaba inaniuma kuliko kahawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Ulipofaulu darasa la saba ukachaguliwa kwenda sekondari, mama yako aliuza ndama. Fedha ya ada, godoro na sare ikawa imekamilika, na sanduku lako likawa limefungwa. Siku mbili kabla ya kuripoti, alikuja mmoja wa watu niliokuwa nawadai. Naona nimeandika kinyume, mkono wenyewe umekataa. Mmoja wa watu walionidai. Sitamtaja jina, ameshalipwa na hana kosa. Alikuwa ametuona tukinywa soda dukani. Alisimama barabarani mbele ya nyumba yetu, watu wakitoka sokoni, akasema kwa sauti, "Kumbe soda mnakunywa. Kahawa yangu inanyweka hapo."

Nilivumilia kidogo. Akaongeza sauti, watu wakaanza kusimama. Nikaingia ndani, nikachukua fedha yako ya shule, nikampa. Yote. Nilitaka tu anyamaze.

Halafu wewe nikakwambia kwamba nimepata habari nafasi imejaa, wamechukua mwingine.

Haikujaa, Sekela. Nafasi yako ilikuwepo. Walikungoja wiki mbili.

Ulikuwa umekaa juu ya lile sanduku. Ukaniangalia, ukasema, "Basi ni bahati mbaya, baba," na ukaja kunishika bega, ukanibembeleza mimi. Mwaka mzima ukachuma chai, vidole vikawa vyeusi, na mwaka uliofuata tukakutafutia ile shule ya kutwa ambako ulikuwa unatembea saa moja kwenda na saa moja kurudi kwenye matope. Wenzako waliokwenda mwaka ule wamekutangulia. Kila ukisimulia maisha yako kwa watu unasema ulikosa nafasi kwa bahati mbaya, na mimi nikiwa nimekaa palepale nachokonoa meno.

Mama yako alijua fedha ilikokwenda. Alinitaka nikwambie siku ileile. Nikamwomba aningoje kidogo, na hicho kidogo kimekuwa miaka minane. Hakuwahi kunisaidia kudanganya, ukimkumbuka vizuri utaona kwamba kila ulipoisema ile habari ya bahati mbaya yeye alikuwa anainuka kwenda jikoni. Jumapili iliyopita aliniambia, "Asipojua kabla hajaondoka, nitamwambia mimi stendi, mbele ya watu." Anaweza. Unamjua.

Kwa hiyo ukiniuliza nimejifunza nini kwenye deni, la kwanza litakuwa hilo: nilikuwa nalipa kelele. Waliopaza sauti niliwalipa mapema, walionyamaza nikawaweka nyuma. Kaya tatu zilizobaki ni za watu wapole, na mpole kuliko wote ni Bibi Tupokigwe, mjane, aliyeniletea magunia mawili kwa kichwa na hajanikumbusha hata mara moja. Kila mwaka anatuletea magimbi.

Asubuhi ya leo, mlipokuwa mnafunga mizigo, nilikwenda kwake. Nilimwambia habari yako, kwamba umepata kazi na unataka kumalizia wewe. Nadhani nilitegemea afurahi.

Aliniuliza, "Kahawa aliipima yule mtoto?"

"Hapana, bibi."

"Basi mwache. Wewe bado una mikono."

Tumekubaliana kwamba malipo ya chai ya mwezi huu ni yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinishukuru, "Ndaga, mwanangu," kama mtu aliyepewa zawadi, na hilo nalo limenikera, maana alistahili kunitukana.

Najua na wewe utakopa. Walimu wapya wote huchukua vitu dukani wakingojea mshahara wa kwanza, na mshahara wa kwanza huchelewa. Sikukatazi. Ila ukiwa unalipa, toa ya kwenu kwanza hata kama ni karanga za kufungwa kwenye karatasi, na usile peke yako. Huko Chunya hakuna mvua wala ndizi, sijui watu wanajifurahisha na nini. Uliza, utaambiwa. Usiniandikie kwamba unakula mara moja kwa siku. Mtu anayekula mara moja kwa siku kwa ajili ya deni namjua, na najua siku moja atakutwa wapi saa nne asubuhi.

Mshahara wa kwanza usitume. Ukiutuma nitaurudisha kwa basi hilohilo. Wa pili na wa tatu vilevile. Kaya tatu ni zangu, na mwaka ule wa kuchuma chai siwezi kuulipa kwa chochote, ila angalau nisikuchukulie na miaka mingine.

Sijui utakapomaliza kusoma utanionaje. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika, na nakiri kwamba ni woga. Mama yako akiniuliza nitamwambia ukweli kwamba nimekwambia, lakini si uso kwa uso.

Ukikasirika, andika ukiwa bado umekasirika. Usingoje ipoe ndipo uniandikie barua ya adabu. Mimi nilingoja, na unaona nilipofika.

Baba yako